Sindano Isiyoshona

Mazungumzo mbele ya mafundi wa kazi za mikono, Wete, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, dada zangu, wanangu, na nyinyi kaka zangu wawili mliokaa karibu na mlango ili mpate kukimbia mapema, nashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya kudunga sufu. Jana nilipomwambia jirani yangu kwamba nakwenda Wete kuwafundisha watu kudunga, aliniuliza tangu lini nimekuwa daktari. Ana haki. Huku kwetu kudunga tunakujua kwa aina moja tu, na mwenye kudungwa hulia. Huku kwa leo halii mtu, isipokuwa ukijichoma kidole, na huko nitafika.

Sindano yenyewe ndiyo hii. Walioko nyuma hamwezi kuiona, basi naipitisha. Ishikeni huku juu ilikopindwa, ncha msiiguse. Urefu wake ni kama sentimita 8. Itazameni vizuri, kisha mniambie inakosa nini.

Tundu. Ahsante bibi, umenitangulia. Haina tundu, kwa sababu uzi haumo katika kazi hii. Hakuna uzi, hakuna fundo, wala pindo la kukunja. Mimi nimeshona kofia za mkono tangu utoto, macho yangu yameishia kwenye vile vijitundu vya viua, na siku ya kwanza nilipopewa sindano isiyo na tundu nilidhani nimechezewa.

Sasa pitisha ukucha ubavuni mwake, polepole, karibu na ncha. Unahisi mikwaruzo? Hivyo ni vijimeno. Aliyewahi kushika ndoana anajua ilivyo: inaingia kirahisi, lakini kutoka inakataa. Hii ni ndoana iliyogeuzwa. Vijimeno vyake hushika wakati wa kuingia: vinakokota nyuzi za juu vikazipeleka ndani, na sindano ikitoka inaziacha hukohuko, inarudi mikono mitupu. Ukidunga mara moja hujafanya kitu. Ukidunga mara mia tano, nyuzi za nje zimeshaingia kati na za kati zimezikamata, na bonge lililokuwa laini kama moshi limekuwa gumu. Hiyo ndiyo kazi nzima. Yote nitakayosema baada ya hapa ni namna ya kuifanya bila ya kujiumiza na bila ya kukata tamaa.

Lakini lazima iwe sufu. Hapa ndipo mimi nilipoanza vibaya, na kosa langu la kwanza lilikuwa la lugha. Nilikwenda marikiti nikaulizia sufu, nikapewa sufi. Mfuko mzima, wa kujazia mito. Mwenye kuuza hakuwa na kosa, nani huku kwetu anauliza sufu? Nikarudi nao nyumbani nikakaa jioni mbili nadunga. Nilichopata ni chafya. Sufi ya mti wa msufi uzi wake ni laini na una uwazi ndani kama mrija; unateleza, haushikani na mwenziwe hata umpige sindano mpaka alfajiri. Unyoya wa kondoo ni kitu kingine. Ukiutazama kwa darubini una magamba, yamelaliana kama makuti ya paa. Magamba ya unyoya huu yakikutana na ya unyoya ule yanang'ang'aniana, na kila ukiyasukuma yanazidi kufungana. Tena unyoya wa kondoo umejikunja kunja wenyewe, haukunyooka, na hilo nalo linasaidia. Pamba haina magamba. Nyuzi za makumbi hazina pia. Viwandani wanazo mashine zenye maelfu ya sindano kama hii, zinapanda na kushuka kwa pamoja, na hizo hulazimisha hata makumbi kuwa zulia. Mkono wa mtu hauna nguvu hizo.

Na wengi wenu magamba haya mmeshakutana nayo bila ya kujua. Kijana wangu mmoja alikwenda kusoma nchi ya baridi akarudi na sweta la sufu, zuri, la bei. Mimi kwa mapenzi nikalifua kwa maji ya moto na sabuni, nikalisugua kama ninavyosugua shuka. Lilitoka likimfaa mtoto wa miaka mitatu, tena limekakamaa, halinyooki. Kijana hakunisemesha siku mbili. Kumbe siku ile nilikuwa natengeneza felti, yaani sufu iliyoshikana ikawa kitu kimoja bila ya kufumwa, na sijui! Maji moto, sabuni na msuguano hufanya kazi ileile inayofanywa na sindano, ila zenyewe hufanya kwa ujumla, na sindano hufanya pale unapotaka wewe. Hiyo njia ya maji ndiyo kongwe. Wafugaji wa Mongolia wanafunika nyumba zao kwa felti. Katika milima ya Altai, huko Siberia, yalifukuliwa makaburi ya Pazyryk, yaliyoganda barafu kwa zaidi ya miaka 2000, na ndani yake mlikutwa mazulia ya felti na mabata maji ya felti yaliyojazwa ndani, yamesimama kama ndege wazima. Kwa hiyo mtu akikwambia haya ni mambo ya watoto, mwambie kuna maiti wa kifalme waliozikwa nayo.

Sindano ndiyo mpya. Mashine za viwandani zilikuwapo tangu karne ya 19, kazi yao ni kushikamanisha nyuzi na matambara. Zulia lile lililoko chini ya miguu yako ndani ya gari, mara nyingi ni kazi ya sindano hizo. Ilikuwa miaka ya 1980, kule Marekani, ambapo mume na mke, David na Eleanor Stanwood, walichomoa sindano ya mashine wakaishika mkononi. Basi kazi hii ni mdogo kuliko wengi wetu humu ukumbini. Hakuna bibi wa bibi yake mtu aliyeijua, hakuna atakayekwambia kwao haifanywi hivi. Kwa mtu aliyekulia kwenye kofia, ambako kiua kikipotea kimoja shangazi anafumua kofia nzima mbele yako, huo ni uhuru mkubwa sana.

Sufu ipatikane wapi? Si kwa kondoo wetu. Hawa wa pwani wana nywele fupi kama za mbuzi. Ukiwanyoa hupati kitu. Kondoo wa sufu wanataka baridi. Walio karibu nasi wako nyanda za juu za Kenya, upande wa Molo na Nanyuki, na wapo wa aina za Merino na Corriedale. Mimi yangu ya kwanza nilipewa na mgeni aliyefikia Jambiani, aliyekuwa akikaa barazani kila jioni anadunga, na mimi nimekwenda huko kwa harusi. Nilimkodolea macho mpaka akaona haya, akanipa mfuko na sindano tatu. Nilipoufungua nyumbani nikakumbuka chuoni. Sote tumesoma sura ya Alqaria katika Qur'ani tukiwa wadogo, tukahifadhi kuwa siku ile milima itakuwa kama sufu iliyochambuliwa. Niliisoma zaidi ya miaka 40 na sikuwahi kuiona sufu iliyochambuliwa kwa macho yangu. Pale ndipo nilipoiona. Unaipulizia tu, inaondoka. Nilikaa kitako kitambo sikudunga kitu.

Mkienda kununua, msichague ile laini kuliko zote. Merino inavutia mkononi, lakini kwa anayeanza inasumbua: inachelewa kushikana na kila tundu la sindano linaonekana. Tafuta sufu ya ukali wa kiasi, kama ya Corriedale, tena iliyochanwa nyuzi zikaelekea huku na huku, si ile iliyonyooshwa kama singa. Gramu 100 zinatosha kabisa. Mpira mdogo wa kiasi cha mpira wa meza unakula kama gramu 5 au 6, basi hesabu mwenyewe utapata mipira mingapi ya kuharibu.

Na mjihadhari na kinachoitwa sufu madukani. Nyuzi nyingi za kufumia sweta zinazouzwa kwa jina hilo ni plastiki. Kata kipande kidogo, kishike kwa koleo juu ya sahani, kiwashe. Sufu ya kweli inanuka kama nywele zilizoungua, moto wake unajizima wenyewe, na jivu lake ukilibonyeza linasagika. Plastiki inayeyuka na kuacha kijidonge kigumu cheusi. Mara mbili nimepewa mfuko nikaombwa niwashe palepale mlangoni. Muuzaji mwerevu hukubali.

Sindano zina namba. Namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, hilo lishikeni maana watu hulipindua. Namba 36 ni nene, ya kukamatisha bonge kubwa haraka. Namba 38 ndiyo ya kila siku. Namba 40 ni ya kumalizia, inaacha uso laini. Nunua za 38 nne na za 40 mbili, basi. Mkinunua moja moja mtajuta, maana itavunjika, na itavunjika usiku.

Chini yake unataka sponji, ya unene wa sentimita 5 hivi. Msinunue. Waendeeni wanaokata magodoro, muwaombe mabaki. Asiyepata sponji ajaze mchele kwenye mfuko wa kitambaa kigumu, akaze, ashone mdomo. Mchele unafaa zaidi kuliko wengi wanavyodhani, haumeguki vipande kama sponji. Ila msije mkaurudisha jikoni, kuna ncha za sindano humo.

Haya, kidole. Wengi hujidunga cha shahada cha mkono wa kushoto, kile kinachoshika bonge, na hujidunga pale wanapotazama runinga. Sindano hii inaumiza kuliko ya kushonea kwa sababu ya vile vijimeno. Kastabini ya chuma inakinga, lakini sindano ikiigonga inakatika. Bora kata ngozi ya kiatu chakavu uishone kama kofia ya kidole, moja ya shahada na moja ya gumba. Ukijidunga, osha kwa sabuni, minya damu kidogo itoke, na mwenye kujua kuwa chanjo yake ya pepopunda ni ya zamani akaulize kituo cha afya. Ikivunjika ncha ndani ya kazi, usiendelee mpaka uipate. Mimi nina sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio, naipitisha juu ya bonge, inanitolea. Kitu kilichopotelewa na ncha ndani usimpe mtoto hata siku moja. Na wenyewe watoto wadogo wasishike sindano hii. Wapeni sufu, maji ya uvuguvugu na sabuni, wafinyange mipira kwa viganja kama kachori. Watafurahi na watalowa.

Sasa mpira wenyewe. Kila mtu hapa anataka kuanza na mnyama, nawaona usoni. Anzeni na mpira.

Sufu haikatwi kwa mkasi. Ncha iliyokatwa inasimama kama ndevu na haitaki kulala. Shika kwa mikono miwili iliyoachana shibiri moja, vuta polepole, itaachia yenyewe. Ukivuta mikono ikiwa karibu karibu utakuwa unashindana na unyoya mmoja kutoka ncha zote mbili, na hutashinda. Kisha kunja. Nyinyi mnaojua kukunja madonge ya chapati za kusukuma mna nusu ya ufundi tayari: unazungusha ukikaza, unaingiza pembeni ndani, unazungusha tena. Mpira uliokunjwa ovyo utaudunga saa tatu ukabaki kama godoro. Uliokazwa tangu mwanzo, saa moja tu. Ufanye mkubwa kuliko unavyotaka, maana utanywea.

Uweke juu ya sponji. Ingiza sindano wima, itoe kwa njia ileile iliyoingilia. Hapa ndipo sindano zinapofia. Mtu anaiingiza wima, anaitoa kwa kuibenua, kama anachokonoa chaza, na chuma chake ni kikavu, hakipindi, kinakatika tu. Mwanzoni dunga kwa kina, ifike moyoni. Watu wanadunga juu juu kwa sababu wanapenda kuona uso unavyokuwa mzuri. Kumbe ndani ni tupu, na baada ya mwezi kitu kinasinyaa. Geuza mpira kila baada ya kudunga mara kumi, kumi na tano. Usipougeuza utakuwa bapa, na nyuzi zitaingia kwenye sponji, ukiuinua unakuja na godoro. Ukishakuwa mgumu kati, ndipo upunguze kina, ubadilishe uende namba 40, uzunguke uso wote kwa vidungo vifupi vifupi.

Utajuaje umekwisha? Uminye. Ukiminyika kama embe bivu, endelea. Ukikataa kama embe la chumvi na pilipili, acha.

Mnaona bibi pale anatikisa kichwa. Najua anasema, saa nzima kwa mpira? Ndiyo, bibi. Kofia uliyoshona wewe ilikuchukua miezi.

Uzuri wake ni kuwa kosa halidumu. Pakibonyea, unachukua kijisufu kidogo unaweka pale unadunga, shimo limejaa. Pakivimba, unadunga zaidi panashuka. Mimi hii ndiyo iliyonifanya nisiache. Kwenye kofia kosa ni la kufumua. Hapa kosa linafunikwa, na hakuna atakayejua ila wewe.

Baada ya mpira fanyeni kungumanga. Hili ni wazo langu mwenyewe na nalionea fahari kidogo, niacheni. Kungumanga lililopasuka lina kila somo ndani yake. Ganda la nje la manjano unalifanya kama kikombe, kwa hiyo unajifunza kudunga kitu chenye shimo. Kokwa ni ya kahawia iliyoiva, mviringo mrefu, huo ni mpira ulionyooshwa. Halafu ile basibasi nyekundu juu yake, ule wavu, unaifanya kwa kusokota kijisufu chembamba kati ya vidole na kukilaza juu ya kokwa huku unakidunga mstari kwa mstari. Hapo ndipo mkono unajifunza kuandika. Nimefanya mengi, na hadi leo basibasi hainitoki mara mbili sawa.

Rangi msinunue kwanza. Sufu inashika hina kwa sababu ileile inayoshika hina ukucha na nywele, maumbile yao ni mamoja. Hina inatoa kahawia yenye wekundu. Manjano ya jikoni yanatoa rangi inayong'aa mpaka inaumiza macho, ila jua linaifuta, basi kitu cha manjano usikiweke dirishani. Rangi nyingine za majani na magome hushika zaidi ukiloweka sufu kwanza kwenye maji ya shabu. Sharti ni moja, na nimelilipia: chungu kipate moto polepole na kipoe polepole, na sufu isikorogwe. Ukikoroga utatoa bonge moja la felti la rangi nzuri lisilo na kazi yoyote. Wapaka rangi wa ukili wana tabia ya kukoroga. Nyinyi hasa jizuieni.

Kwa anayetaka wanyama, hina ile ndiyo mgongo wa kima punju. Mgongo mwekundu, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe, nywele nyeupe zimezunguka uso, na midomo ya waridi. Kwa bahati njema kima punju hana kidole gumba cha kuonekana, kwa hiyo mnapunguziwa kazi. Miguu na mikono ifanyeni mbali mbali, ila ule mwisho wa kuungia msiudunge, uachwe na nyuzi zake zimetawanyika kama mizizi. Mizizi hiyo ndiyo mnayoidunga ndani ya kiwiliwili. Mkiudunga mwisho ule ukawa mgumu hautaunga tena, mnyama atakuwa na miguu inayodondoka. Hapa Pemba mna popo wenu, ambaye duniani hayupo kwengine. Nendeni Kidike mkamtazame anavyojifunika mbawa kama mtu aliyejitanda kanga, kisha mjaribu. Akiwa amejifunika ni rahisi. Akiwa amezikunjua mbawa, mwacheni mpaka mwaka wa pili.

Najua pia kuna wanaojiuliza juu ya masanamu. Ni swali la haki na sitaki kulipita kama sikuliona. Mimi si mwanachuoni. Habari ya Bi Aisha, mke wa Mtume, na vijisanamu vyake vya kuchezea, na yule farasi mwenye mbawa za vitambaa, mnaijua, na mnajua vilevile kuwa maulamaa hawakuwa na kauli moja. Mwenye dukuduku amuulize shekhe wake. Ninachokijua mimi ni sufu, na sufu haidai mnyama. Mimi mwenyewe nyumbani kwangu kilichojaa ni matunda, karafuu na maua ya asumini.

Masika yakija, mambo mawili. Sindano zitashika kutu, na sindano yenye kutu inachana nyuzi badala ya kuzikokota. Nilipoteza kumi na moja kwa masika mamoja kwa kuziacha zimechomekwa kwenye sponji. Zitieni ndani ya chupa yenye kifuniko, na mchele mkavu ndani, na zipakwe mafuta ya charahani kidogo kama hamzitumii muda mrefu. La pili ni nondo. Yeye mwenyewe haumi, ni watoto wake wanaokula sufu, na wanakula gizani kwa utulivu kabisa. Mama yangu alikuwa akitia karafuu kwenye sanduku la nguo, na mimi ninatia karafuu kwenye mifuko ya sufu. Inawakimbiza wanaotaka kuja. Waliokwisha kuzaliwa humo haiwaui. Ukiona vijitundu, funga mfuko wa plastiki uutie ndani ya friza wiki mbili. Mwenye kuuza malai atakukubalia pembe moja ya friza ukimwomba vizuri, mradi usimwambie kilichomo.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo najua halitawapendeza wote.

Msiuze. Mwaka wa kwanza, msiuze.

Nasikia minong'ono. Nimeitarajia. Nyinyi ni mafundi, mna watoto, skuli zinadai, na mimi napokea pencheni, kwa hiyo ni rahisi kwangu kusema. Nakubali. Lakini sikilizeni kilichonipata. Miezi minne baada ya kuanza, duka moja la Mji Mkongwe liliona kima wangu wawili likaniagiza 30, kwa wiki tatu. Nilifurahi, mtu wa miaka 60 anaagizwa kima! Nikakaa usiku na mchana. Vidole vikavimba, bega la kulia likakataa kunyanyuka, nikaanza kudunga juu juu ili nimalize. Niliwapeleka wote 30. Haukupita mwezi nikarudishiwa 17, vichwa vimelegea, mmoja mkia umetoka mkononi mwa mteja. Mwenye duka hakunitukana. Alinirudishia tu ndani ya mfuko. Niliuweka mfuko ule juu ya kabati nikakaa miezi sita sishiki sindano, na hasira yangu haikuwa ya pesa. Nilikuwa nimekipoteza kitu kilichokuwa kikinipumzisha.

Maana kabla ya hapo ilikuwa hivi: nimeshasali isha, nimeosha vyombo, redio inaimba taratibu, nakaa barazani na bonge langu. Sauti ya sindano kwenye sufu ni ndogo, kama mtu anatafuna kashata kwa adabu. Hesabu hakuna. Hakuna anayesubiri. Kwa saa moja siwazi bili ya umeme wala mtoto aliyeko mbali. Sisi kila kitu tulichokijua kwa mikono kimeshatiwa bei. Ukili tunasuka kwa kipimo cha mkoba wa mgeni, kofia tunashona kwa agizo, hata makumbi tukipiga pwani mtu anakuja na kamera. Si vibaya, ndiyo riziki. Ila nawaomba hiki kimoja mkiache kwanza kiwe cha kupitishia wakati. Mkono ukishakomaa na kitu kikawa kigumu mpaka ndani, mtauza tu, nani atakuzuieni? Na mtauza kitu kisichorudishwa ndani ya mfuko.

Wale 17, mkitaka kujua, niliwapasua mmoja mmoja, nikarudisha sufu yao kuwa ya ndani. Sufu haitupwi. Wamo ndani ya makungumanga yangu.

Haya, nimesema sana, na wale kaka wawili hawajakimbia, naona. Mfuko huu unapita kuanzia kushoto. Kila mmoja achukue konzi moja ndogo, si mbili, nawaona. Sponji zimo ndani ya beseni, sindano nitagawa mwenyewe kwa mkono, na nitazihesabu wakati wa kuondoka. Bibi wa tundu, wewe anza. Kaa hapa karibu yangu. Kunja kwanza. Kaza zaidi. Hapo. Sasa wima, ingiza, itoe palepale. Tena.